Dumu Halisahau

(Hotuba hii ilisomwa na mwenezi wa Chama mbele ya mkutano wa wanachama na wakulima wa Mabogini, Moshi. Tumeipiga chapa karibu yote, kwa kuwa mambo yaliyosemwa humo yanayahusu matawi mengine pia, hasa yale yaliyo katika mashamba ya kumwagilia.)



Najua wengi wenu mmekuja mkidhani kwamba nitasema habari za kadi na ada. Habari hizo zina siku yake. Leo nataka kusema habari za dumu. Naam, dumu, ndoo, kopo na chupa ya plastiki, vyombo ambavyo vimo katika kila nyumba ya Mabogini, kwa tajiri na kwa maskini. Naona vijana kule nyuma wanacheka. Nawaomba wacheke sasa wamalize, maana habari yenyewe si ya kuchekesha.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba katika bonde hili. Jua lilikuwa kali. Nikapiga hodi kwa mama mmoja, mwanachama mwenzetu, naye ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kiti kivulini, akanimiminia maji ya kunywa kutoka katika dumu la lita tano. Nikanywa kikombe kizima. Nilipokiweka chini ndipo nilipoona ubavuni mwa dumu kipande cha karatasi kilichobaki baada ya kubanduliwa, na juu yake mchoro wa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Lilikuwa dumu la dawa ya shamba.

Je, nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilishukuru, nikaaga, nikaenda zangu. Nilijiambia kwamba ni aibu kumfedhehesha mtu mzima mbele ya wajukuu wake. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi siku ile niliyaficha maradhi ya nyumba nzima kwa ajili ya adabu yangu mwenyewe. Nililala vibaya siku mbili. Siku ya tatu nikarudi, nikamwambia wazi.

Naye hakukasirika. Alinijibu hivi: “Mwanangu, dumu hilo nimeliosha kwa sabuni na mchanga mara tatu. Halinuki hata kidogo. Na kama nikilitupa, nani ataninunulia lingine?”

Ndugu zangu, katika maneno hayo machache yamo maadui zetu wote watatu ambao Chama kiliapa kupigana nao tangu enzi za TANU: ujinga, maradhi na umaskini. Ujinga, kwa kuwa hakuna mtu aliyemweleza mama yule jinsi plastiki inavyoihifadhi sumu. Maradhi, kwa kuwa sumu hiyo inakwenda tumboni mwa watoto. Na umaskini, kwa kuwa hata angejua yote hayo, bado anahitaji chombo cha kutekea maji kesho asubuhi. Mtu akija hapa akawafundisha habari ya ujinga peke yake, akauacha umaskini pale pale, basi amefanya nusu ya kazi.

DEBE LA WAZEE WETU

Kwanza nataka tuelewane jambo moja. Sikuja kuwaambia kwamba kutumia tena chombo cha zamani ni ushamba. Hata kidogo. Watu wetu ni mabingwa wa kazi hiyo tangu hapo.

Kabla ya bati na plastiki, wazee wa Kilimanjaro walikuwa na kibuyu. Kibuyu cha maji, cha maziwa, cha mbege. Na kikivunjika, kipande chake kilikuwa kata. Baadaye likaja debe. Mafuta ya taa yaliletwa kutoka ng'ambo katika mabati ya galoni nne, mawili katika kila kasha la mbao. Mafuta yalikwisha, bali debe halikutupwa. Debe lilichotea maji, lilipikia pombe, lilipasuliwa likaezekea nyumba, likatoa mlango, likatoa kibatari. Na zaidi ya yote, debe liligeuka kuwa kipimo. Mpaka leo mtu husema debe la mahindi, ijapokuwa mafuta yale ya taa yalikwisha siku nyingi.

Na sisi tumefanya kama wazee. Nendeni soko la Mbuyuni hapo Moshi, au soko lolote la Tanzania, mtasikia watu wakiuza nyanya kwa sado. Sado ni nini? Ni kopo la rangi ya nyumba! Kampuni ilileta rangi, rangi ikapakwa ukutani, kopo likabaki kwa mama wa sokoni naye akalifanya mizani. Hakuna waziri aliyeamuru jambo hilo. Ni akili ya wananchi.

Lakini ipo tofauti moja kubwa kati ya kibuyu na dumu. Kibuyu ulikilima mwenyewe, ulijua kilikotoka. Dumu limetoka kiwandani, likapita dukani na shambani, na huenda limepita mikono mitano kabla ya kufika kwako. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya chombo chochote kinachoingia nyumbani si “kina bei gani?” wala si “kina ukubwa gani?” Swali la kwanza ni hili: humu kulikaa nini?

KWA NINI DUMU HALISAHAU

Plastiki ya madumu yetu mengi huitwa polithini, na iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Ni kitu chema: ni chepesi, hakishiki kutu, hakivunjiki kikianguka. Lakini msidhani kwamba ni kama kioo. Ukitia katika chupa ya kioo, kitu hukaa juu ya kioo, nawe ukiosha kinatoka. Plastiki hunywa. Mafuta na dawa zilizochanganywa na mafuta hupenya kidogo kidogo katika ukuta wa dumu na kukaa humo. Wewe unaosha ndani, mchanga unakwaruza ndani, unaona peupe, unanusa hakuna harufu. Kumbe sumu imekaa ndani ya ukuta wenyewe, ikingojea umimine maji au mafuta ya kula, itoke pole pole. Kila mama anajua kwamba kopo lililowekwa mafuta ya taa halikosi kunuka mafuta ya taa, hata ukiliosha mwezi mzima. Dawa ya shamba ni vivyo hivyo, ila nyingine hazinuki, na hapo ndipo hatari ilipo.

Zipo dawa za wadudu zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Aliyezipata kwa wingi hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, hutapika, kisha pumzi humwia ngumu. Ukiona dalili hizo, au ukijua kwamba mtoto amekunywa dawa au mafuta ya taa, usimtapishe wala usimnyweshe dawa za kubahatisha. Mkimbize hospitali saa ile ile, na chombo kile chenye karatasi yake kichukue pia, ili mganga ajue ni sumu gani.

Mzee mmoja aliniambia, “Sisi tumekunywa maji kutoka madumu hayo miaka mingi na bado tu wazima.” Namheshimu mzee, lakini namjibu hivi. Sumu nyingine huua siku ile ile, na nyingine haina haraka. Mtu mzima mwenye mwili mkubwa aweza kuistahimili, bali mtoto mchanga na mama mjamzito hawawezi kuistahimili kama yeye. Tusipime hatari kwa kifua cha mwanamume aliyezoea jembe. Tuipime kwa yule aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Jambo hili latuhusu sisi wa Mabogini kuliko watu wengi. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini, uliojengwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, umetupa mifereji ya maji ya Njoro na Rau, tukalima mpunga. Lakini palipo na mpunga pana wadudu na magugu. Palipo na wadudu na magugu pana dawa. Na palipo na dawa pana madumu matupu. Hayo huachwa juu ya kingo za mifereji. Mtoto anapita, anaona dumu zuri lenye kifuniko chake, anadhani ameokota mali.

SHERIA TATU ZA NYUMBANI

Basi naomba tushike sheria tatu.

Ya kwanza: chombo cha dawa ya shamba, cha dawa ya mifugo, cha mafuta ya mashine au cha asidi ya betri kisiingie jikoni asilani, hata kwa kutekea maji ya kuoga. Angalieni karatasi yake. Vyombo vingi vya dawa huwa na mkanda wa rangi chini ya karatasi: mwekundu ni sumu kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Lakini hata mkanda ukiwa wa kijani, msilifanye dumu hilo la maji.

Ya pili: kinyume chake nacho ni kosa. Usitie dawa ya shamba wala mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi, anaijua chupa kwa umbo lake. Muuza duka anayepima dawa katika chupa ya soda anatengeneza kifo cha shilingi chache. Tukimwona tumwonye, na asiposikia tumpeleke mbele.

Ya tatu: chombo kilichokuwa na chakula ndicho kibaki cha chakula. Dumu la mafuta ya kula, ndoo ya siagi, kopo la asali, hivyo ndivyo vyombo vya jikoni. Viosheni kwa maji ya moto yasiyochemka na sabuni, anikeni, mvitumie. Kopo la rangi na lipime mahindi makavu na viazi vyenye maganda, lakini lisiwekwe maziwa, uji wala mafuta.

Wasomi wataniuliza habari ya namba iliyo katika pembetatu chini ya chombo. Ni kweli, ipo, na inafaa kuijua. Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988. Namba 1 huwa chupa za maji na soda; namba 2 ni madumu magumu; namba 5 ni ndoo na makopo mengi ya chakula. Namba 3, 6 na 7 afadhali msizitumie kwa chakula. Lakini kumbukeni: namba husema plastiki ni ya namna gani tu, haisemi ndani kulikaa nini. Dumu la sumu na dumu la mafuta ya kula yote mawili yaweza kuandikwa namba 2.

KAZI NJEMA ZA CHOMBO SAFI

Sasa nije kwenye faida, kwa kuwa sitaki mrudi nyumbani na hofu peke yake. Dumu safi ni mali. Nitataja kazi tano.

Kazi ya kwanza ni kibuyu chirizi. Wengi mmekiona shuleni. Mnachukua dumu la lita tatu au tano. Mnapasha msumari moto, mnatoboa tundu dogo upande wa mbele, kama sentimita 10 chini ya mdomo. Mnapitisha mti katika mshikio wake na kuuweka juu ya panda mbili. Mnafunga kamba shingoni, mnaivuta mpaka chini kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Mkono uliotoka chooni haugusi chombo wala kata. Kando yake ning'inizeni sabuni iliyotobolewa, juu yake kifuu cha nazi au kopo kuzuia mvua. Gharama yake ni msumari na kamba.

Ubunifu huo ni wa Kiafrika. Ulianzia Zimbabwe katika miaka ya 1980, na huko walianza kwa kibuyu hasa, cha mmea, kabla ya dumu. Tazameni jinsi Kiswahili kilivyohifadhi historia: dumu limeshika kazi, jina limebaki la kibuyu. Na faida yake tumeiona. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kilienea mikoa mingi na kutusumbua miaka kadhaa. Tena mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa corona, kila mlango wa duka na wa ofisi ulikuwa na ndoo yenye bomba na sabuni. Ziko wapi leo ndoo zile? Ugonjwa ulipopungua tulizirudisha ndani kufulia nguo. Kuhara hakukungoja corona, na wala hakukuondoka nayo.

Kazi ya pili ni kuhifadhi mbegu na nafaka. Kausheni maharage au mahindi barabara, mpaka punje ukiiuma inakatika kwa mlio. Jazeni dumu safi na kavu mpaka shingoni, msiache nafasi ya hewa, kazeni kifuniko. Mdudu aliyemo ndani atamaliza hewa naye atakufa, bila dawa hata tone moja. Msilifungue fungue. Kwa njia hiyo mkulima hatauza maharage yake kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno kwa kuogopa kubunguliwa.

Kazi ya tatu ni bustani. Chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikatobolewa vitundu vidogo, ikazikwa kichwa chini kando ya mche wa nyanya, hupeleka maji kwenye mzizi wala si kwenye jua. Wakati wa kiangazi, zamu ya maji ya mfereji inapochelewa, mama mwenye chupa ishirini anaweza kula mboga kwa maji ya kuoshea vyombo. Chupa iliyokatwa katikati na kutobolewa chini ni chungu cha kuotesha miche ya mipapai au ya kahawa kwa ndugu zetu wa kihambani huko mlimani.

Kazi ya nne ni kuku. Dumu lililokatwa madirisha pande mbili na kuning'inizwa usawa wa kifua cha kuku huwa chombo cha chakula, wala kuku hawezi kuingia ndani akachafua.

Kazi ya tano ni maji ya kunywa, kwa nyumba isiyo na kuni wala mkaa wa kuyachemshia. Chupa ya maji iliyo wazi kama kioo, isiyozidi lita mbili, isiyo na mikwaruzo, ijazwe maji maangavu na kulazwa juani juu ya bati saa sita kamili. Jua huua vijidudu vya kuhara. Siku za mawingu ilazwe siku mbili. Lakini maji ya tope hayafai kwa njia hii mpaka yachujwe yawe maangavu, na jua haliondoi dawa ya shamba wala chumvi. Ndiyo sababu nikaanza na sumu kwanza.

Na walimu wenzangu wananifahamu: chuoni tulifundishwa kukusanya vifuniko vya chupa kuwa zana za kuhesabia. Mtoto wa darasa la kwanza akishika vifuniko kumi mkononi anaijua kumi kuliko yule aliyeisikia tu.

Nisiwasahau ndugu zetu wa pwani. Huko Lamu, nchini Kenya, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda chombo cha baharini kwa takataka za plastiki na ndala zilizookotwa ufukoni, wakakishusha majini mwaka 2018. Chombo hicho, Flipflopi, kilisafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Sisi hatuna bahari. Lakini kama takataka ya ufukoni iliweza kuvuka bahari, kweli dumu letu halitaweza kufika mlangoni mwa choo?

MBU NAYE ANATAFUTA NYUMBA

Hapa nitoe onyo moja. Chombo kilichotumiwa tena vizuri ni mali. Chombo kilichosahauliwa nyuma ya nyumba ni shamba la mbu. Yupo mbu mwenye madoa meupe miguuni ambaye hataki jaruba. Anataka kopo, tairi kuukuu, chupa iliyokatwa. Huyo ndiye aletaye homa ya dengue, iliyowasumbua sana watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hushika ukutani mwa chombo na hukaa makavu miezi mingi, yakingojea mvua. Kwa hiyo ndoo ya maji ifunikwe, na kila juma moja imwagwe na kusuguliwa ndani kwa brashi. Chombo kisicho na kazi kigeuzwe kifudifudi au kiuzwe kwa wakusanyaji. Wala msikichome kuwashia jiko la mkaa. Moshi wa plastiki ni sumu, na huingia kwanza katika mapafu ya mama aliyeinama na mtoto aliye mgongoni.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Ilikuwa hatua njema, na vikapu vyetu vimerudi mikononi. Lakini sheria ile ilikuwa ya mifuko. Dumu na chupa vimebaki kwetu, na hakuna askari atakayekuja kuchungulia jikoni mwa mtu. Kazi hiyo ni yetu wenyewe.

SHAURI LA MAMA YULE

Sasa nimalize habari ya mama yule. Mara ya tatu nilipokwenda kwake nilichukua dumu la lita ishirini lililokuwa la mafuta ya kula, nikampa, nikaondoka na lile la sumu. Nilidhani atanishukuru na mambo yatakwisha. Alishukuru, kisha akaniuliza: “Na jirani yangu je? Na wale walio ng'ambo ya mfereji?”

Ndugu Mwenyekiti, mimi niliyesoma sikulifikiria jambo hilo. Nilifanya sadaka, naye akanionyesha siasa. Sadaka humsaidia mtu mmoja, nawe unarudi nyumbani ukiwa umefurahi. Siasa ni kuuliza habari ya ng'ambo ya mfereji.

Basi shauri ninaloleta mbele ya mkutano huu ni lake, nami nimeliandika tu. Ni hili.

Kwanza, tawi lifungue mabadilishano ya madumu. Mwenye hoteli, mama lishe na muuza duka anayo madumu matupu ya mafuta ya kula. Kila balozi achangishe katika shina lake kidogo kidogo, tuyanunue kwa jumla, tuyaoshe hapa tawini. Atakayeleta dumu moja la dawa ya shamba kutoka nyumbani kwake apewe moja safi, bila kuulizwa maswali ya kumwaibisha.

Pili, kila mkulima anapomaliza dawa shambani, alisuuze dumu pale pale mara tatu: atie maji kama robo, afunge, atikise nusu dakika, amimine katika bomba lake la kupulizia, ayapulize shambani na wala si mferejini. Kisha alitoboe kitako. Kusuuza huko si kwa ajili ya kulifanya la kunywea, maana tumekwisha kuona kwamba halifai. Ni kwa ajili ya kupunguza sumu isimwagike katika maji yetu. Na kulitoboa ni ili pasiwe na mtu atakayelitamani.

Tatu, yaliyotobolewa yawekwe mahali pamoja penye kufuli, mbali na mfereji na mbali na watoto. Yasichomwe wala kuzikwa. Katibu aandike barua kwa afisa ugani wa kata, na nakala kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyopo Arusha, tuwaombe watuelekeze namna ya kuyaondoa. Na wauzaji wa dawa tuwaambie: mlituuzia dawa pamoja na dumu, tusaidieni basi kulirudisha.

Nne, kabla ya mkutano wetu ujao kila choo cha mwanachama kiwe na kibuyu chirizi. Vijana watawatengenezea wazee wasio na nguvu. Na tusianze kwa kuhesabu vyoo vya wengine. Tuanze na choo cha Mwenyekiti, kisha cha Katibu, kisha changu.

Wapo watakaosema, “Kazi hii ni ya Serikali.” Nawakumbusha mwaka 1973. Ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakashauriana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Serikali ilitoa redio na vitabu. Mashimo walichimba wananchi. Nchi ile ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo.

Wengine watasema kwamba ni jambo dogo, na Chama kina mambo makubwa. Ndugu zangu, mtu ambaye mtoto wake anahara hasikii hotuba ya mambo makubwa. Tulisema tunataka watu huru. Uhuru wa nchi tuliupata mwaka 1961. Lakini mama anayelazimika kuchagua kati ya sumu na kiu, uhuru wake haujatimia, wala hautatimizwa na mgeni. Utatimizwa na jirani yake.

Naliweka shauri hili mbele yenu, Ndugu Mwenyekiti, lijadiliwe na lipigiwe kura leo, si siku nyingine. Na mkutano ukiisha, kabla ya kulala usiku wa leo, kila mmoja wetu achukue taa, azunguke jikoni mwake, ashike kila dumu na kila chupa, na aulize: humu kulikaa nini? Kile asichokijua akitoe nje.

Uhuru na Kazi!